Jinsi ya kuanza kuuza nyumba mpya ukishirikiana na wajenzi: anzia saiti

Watu wakiniuliza naanzaje hii kazi ya kuuza nyumba mpya za wajenzi, wengi wanategemea niwaambie habari za kuprinti kadi, kufungua ukurasa mtandaoni na kutafuta suti nzuri. Mi nawaambia nunua tepu ya kupimia, ile ya mita 5 inatosha, na viatu vigumu vya kukanyagia kokoto, afu nenda saiti ukakae. Nyumba iliyokwisha kujengwa mteja anaiona, anagusa ukuta, anafungua bomba. Nyumba ya mjenzi mara nyingi unaiuza ikiwa bado msingi, au ni ramani tu kwenye karatasi, kwa hiyo siku ile anachonunua mteja ni maneno yako. Kama hujui ujenzi unamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia na we mwenyewe hujui ndani ya gunia kuna nini.

Njia za kuingilia ziko mbili. Ya kwanza ni kuajiriwa na mjenzi mwenyewe, unakaa ofisi ya mauzo pale pale saiti, wateja wanakuja wenyewe kwa sababu wameona bango, unapata mshahara hata kama ni mdogo, na kamisheni yako kwa kila nyumba inakuwa ndogo pia. Ya pili ni kuwa dalali wa kujitegemea, unatafuta mteja mwenyewe unampeleka kwa mjenzi, kamisheni inakuwa kubwa zaidi ila mwezi ambao hujauza ndo umetoka kapa. Kwa mtu anayeanza kabisa mi nashauri ya kwanza, hata kwa miezi sita tu, maana pale unasikia maswali yale yale ya wateja mara mia, unaona mjenzi anavyofikiria hela yake, unajua kwa nini nyumba ya kona inaondoka haraka na ile iliyopakana na chemba ya majitaka inabaki mpaka mwisho. Ukikosa nafasi ya kuajiriwa anza mwenyewe, lakini saiti uende vile vile kama vile unasainishwa mahudhurio. Na njia yoyote utakayoshika, mteja ajue upo upande wa nani. Kama anayekulipa ni mjenzi sema tangu siku ya kwanza, mwambie mi nalipwa na mjenzi, mkataba wako tafuta mwanasheria wako akusomee. Wenzangu wengi wanaogopa kusema hivyo wakidhani mteja atakimbia, mi sijawahi kukimbiwa kwa hilo, ninachoona ni kwamba baada ya hapo anaanza kuniuliza maswali ya kweli.

Leseni: nchi nyingi zinataka dalali asajiliwe au afanye mtihani kabla ya kupokea kamisheni, sehemu nyingine ukiajiriwa na mjenzi sheria inakuwa tofauti na ukijitegemea. Ulizia kwenye mamlaka husika kabla hujampeleka mteja hata mmoja, kwa sababu dalali asiye na usajili pale panapotakiwa usajili anaweza kunyimwa hela yake na asiwe na pa kwenda kushtaki.

Haya, turudi saiti. Chagua mradi mmoja unaojengwa, omba ruhusa kwa msimamizi, nenda mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili mitatu. Usiende saa ambayo wanamwaga zege ukaanza kuuliza maswali, utafukuzwa, na watakuwa na haki. Nenda asubuhi kabla hawajaanza au jioni wakiosha vifaa. Unataka kujua mfuatano: msingi, jamvi (zege la sakafu ya chini), kuta, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, afu waya na mabomba yanayopita ndani ya kuta, plasta, dari, taili, milango na makabati, rangi, vifaa vya choo na jikoni, mwisho mazingira ya nje. Kila hatua jiulize mteja akiniuliza kitu hapa nitamjibu nini. Kwa mfano slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ikishamwagwa, mteja anapita anaona siku kumi hakuna mtu juu yake, miti tu ya kuishikilia imesimama chini, anakupigia simu kwa hasira kwamba kazi imesimama. Ukijua kwamba zege linahitaji kumwagiliwa maji siku kadhaa na kwamba nguvu yake kamili inapimwa siku ya 28, unamjibu kwa utulivu kwamba hapo kazi inaendelea, na miti ikitolewa mapema ndo angetakiwa kukasirika. Jibu kama hilo linatoka tu kwa mtu aliyeenda saiti.

Kingine ambacho watu hawakijui mpaka wakae pale, nyumba inakimbia sana mpaka kupaua afu inaonekana kama imelala. Kuta zinapanda kila siku, mteja anafurahi, bati likishakaa anadhani bado rangi tu ahamie. Kumbe umaliziaji unaweza kula muda sawa na huo wa kwanza au zaidi, kwa sababu mafundi wanapokezana, fundi umeme anamsubiri fundi bomba, wa taili anasubiri plasta ikauke, na kabati la jikoni linasubiri taili. Mwambie mteja hili kabla hajalipa. Mwambie kabisa, kuna miezi utapita hapa utaona hakuna kilichobadilika kwa nje.

Jifunze na kusoma ramani. Ramani nyingi za nyumba ziko kwenye skeli ya 1:100, maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 chini. Hiyo ni rahisi, kazi ipo kwenye kumfanya mteja aione. Chumba cha mita 3 kwa 3 kwenye karatasi kinaonekana kikubwa tu. Weka kitanda cha upana wa mita 1.5, weka kabati lenye kina cha sentimita 60 ukutani upande wa pili, umebakiwa na sentimita 90 za kupita, na hapo mlango wenye upana wa sentimita 80 unafungukia ndani. Kuna siku nilikuwa na mteja mama mmoja kwenye chumba ambacho kilikuwa na kuta mpaka kiunoni tu, nikachukua chaki na tofali nne nikamchorea kitanda na kabati chini kwenye jamvi, afu nikachora na mlango unavyofunguka. Aliangalia akasema huu mlango utagonga kabati. Ni kweli ungegonga. Tulimfuata msimamizi siku ile ile, mlango ukageuzwa ufungukie upande wa pili, hakuna hela iliyoongezeka kwa sababu fremu zilikuwa hazijawekwa bado. Yule mama alikuja kuniletea wateja wawili baadaye.

Sasa kuchagua mjenzi wa kufanya naye kazi, na hapa usiwe na haraka, jina lako litabebwa na kazi ya mtu mwingine. Usianzie kwenye nyumba yake ya mfano, hiyo imepambwa. Nenda kwenye nyumba alizokabidhi miaka miwili mitatu iliyopita, nenda baada ya mvua kubwa, angalia ukuta chini kama una unyevu unaopanda, angalia pembe za madirisha kama kuna nyufa za mshazari, ongea na wanaokaa mle, uliza swali moja tu: ukimpigia kuhusu tatizo anakuja? Hakuna mjenzi asiye na kasoro, tofauti yao ipo kwenye kurudi. Afu ongea na mafundi na wanaomletea vifaa. Muuza tofali akikwambia bado anadai mzigo wa miezi mitatu, ujue hela ya mjenzi imebana, na mjenzi aliyebanwa hela mara nyingi anatumia depoziti ya mteja wako kumalizia nyumba ya mteja mwingine. Hiyo ni hatari ambayo hutaiona kwenye karatasi yoyote. Karatasi nazo ziangalie, hati ya ardhi ni ya nani, kibali cha ujenzi kipo na kinafanana na kinachojengwa, ardhi imewekwa dhamana benki au la, na kama imewekwa benki itaachiaje nyumba moja moja zikiuzwa. Kama anakuzungusha kukuonyesha hivi, achana naye, wajenzi wapo wengi.

Pita pia pale wanapohifadhi saruji. Kama mifuko imelazwa chini kwenye udongo wazi inanyeshewa, nyumba zake utaziona mwenyewe baadaye. Ukikuta imeinuliwa juu ya mbao, imefunikwa, na kuna mtu anamwagilia kuta jioni, huyo ni wa kuongea naye.

Kumfuata mjenzi ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Usianze na wale wakubwa wenye nyumba mia tatu, hao wana timu zao. Wafuate wale wa nyumba tatu mpaka kumi, mara nyingi mwenyewe ndo mhandisi ndo mhasibu ndo anayepokea simu za wanunuzi akiwa amesimama juu ya jukwaa, na simu nyingine hazipokei. Mwambie nipe ile nyumba inayokusumbua kuuza, nijaribu kwa siku 60. Kila Ijumaa mpelekee ripoti fupi kwa ujumbe wa simu: walikuja watu wangapi, walisemaje, walikataa kwa sababu gani. Hata usipouza, ile taarifa kwamba watu sita kati ya tisa wamelalamika jiko halina mwanga wa kutosha ni dhahabu kwake, nyumba inayofuata ataongeza dirisha, na atakukumbuka.

Elewa na kinachomuuma. Mjenzi mara nyingi anajenga kwa mkopo, kila mwezi nyumba ikikaa bila kuuzwa riba inakula faida yake, kwa hiyo anataka uharaka. Lakini hapo hapo hataki kushusha bei iliyotangazwa, na dalali mgeni anaona huo ni ukaidi. Sio ukaidi, akishusha kwa mteja wako basi waliobaki wote watataka bei hiyo, waliokwisha kununua watakuja juu, na benki inayothamini nyumba zilizobaki itaangalia hiyo bei ya chini. Kwa hiyo mteja akitaka punguzo usiende na "punguza kidogo bosi", nenda na ombi la kitu: agharamie ada za mwanasheria, aweke tanki la maji, amalizie sakafu ya nje, abadilishe makabati yawe ya daraja la juu. Mara nyingi atakubali, kwa sababu vitu hivyo yeye anavipata kwa bei ya jumla na bei ya kwenye karatasi inabaki pale pale.

Mkataba wako na mjenzi uwe wa maandishi kabla hujaleta mtu, hata kama ni rafiki yako, hata kama mnasali pamoja. Uandike kamisheni ni asilimia ngapi na inahesabiwa kwenye bei ipi, ya nyumba tupu au pamoja na nyongeza alizochukua mteja. Uandike inalipwa lini. Hapa wengi wanaumia, chukua mfano kamisheni ni 3%, mkataba unasema 1% depoziti ikiingia na 2% siku ya funguo. Umeuza nyumba ikiwa msingi na itaisha baada ya miezi 10, maana yake theluthi mbili ya jasho lako iko mbali sana, na kodi yako ya mwezi huu haiwezi kusubiri. Kwa hiyo anza ukiwa na akiba ya miezi sita au kazi nyingine pembeni, na changanya nyumba zilizo karibu kuisha na zile za msingi. Uandike pia mteja akijitoa itakuwaje, ile 1% unairudisha au la.

Na kusajili mteja. Hiki kipengele ndo kinachokuokoa usizungukwe. Kabla mteja hajakanyaga saiti, unamtumia mjenzi jina lake na tarehe kwa maandishi, anajibu amepokea, na mkataba unasema mteja huyo akinunua ndani ya siku 90 kamisheni ni yako, hata kama alirudi mwenyewe Jumapili akaongea na mlinzi. Bila hivyo utakuta umempeleka mtu mara tatu, umempimia vyumba, umemtafutia benki, afu wanamalizana wenyewe na mjenzi anakwambia huyu alikuja kwa bango. Ilinitokea mwaka wangu wa kwanza na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Tangu hapo kila mteja ana ujumbe wake wenye tarehe.

Hela ya mteja isipite kwenye akaunti yako, hata kwa siku moja, hata akikuomba. Depoziti inaenda moja kwa moja kwenye akaunti iliyotajwa kwenye mkataba wa mauzo, na ikiwezekana ikae kwa mwanasheria au akaunti ya amana inayoshikwa na mtu wa kati mpaka hatua iliyokubaliwa ifikiwe. Na cha juu usiweke. Bei ya mjenzi ipo kwenye bango, mteja akija kugundua umeongezea yako katikati, umeshapoteza yeye na mjenzi kwa mpigo.

Kwenye nyumba ya mfano kuwa makini sana, maana mle ndani kuna vitu vingi ambavyo havimo kwenye bei. Taa za mapambo, taili za ukutani mpaka juu, kabati la kioo, wakati mwingine hata vitanda vimechaguliwa vidogo ili chumba kionekane kikubwa. Mi natembea na karatasi yenye safu mbili, vinavyokuja na nyumba na vya kuonyesha tu, tunapita chumba kwa chumba tunaweka alama, mwisho mteja anasaini na anabaki na nakala. Inachukua saa nzima na inaokoa ugomvi wa siku ya funguo.

Mteja akitaka mabadiliko, muda ndo kila kitu. Kusogeza soketi kabla ya plasta ni kazi ya nusu saa, baada ya plasta ni kuchimba ukuta, baada ya taili ni balaa. Kwa hiyo jua saiti ipo hatua gani, na wiki mbili kabla ya plasta mpeleke mteja asimame kwenye kila chumba, aseme televisheni itakaa wapi, friji wapi, atachajia simu upande gani wa kitanda. Kila badiliko liandikwe, bei yake, na siku ngapi zinaongezeka, wasaini wote wawili. Usikubali ile ya "fundi kasema sawa". Fundi kesho anaweza kuwa saiti nyingine.

Tarehe. Nisikilize vizuri hapa. Nilishawahi kuiambia familia moja mwezi wa tatu mnaingia, kwa sababu mjenzi alinitajia mwezi wa tatu na mi nikaubeba kama ulivyo. Wakatoa notisi walipopanga. Madirisha yakachelewa kufika, na bila madirisha huwezi kufunga dari wala kuanza makabati, mwezi wa tatu ukafika nyumba ipo wazi. Walikaa wiki tano kwa ndugu yao, watoto wanne, vyombo vyao vimerundikwa kwenye gereji ambayo haina mlango. Baba hakunigombeza, mama alinipigia akaniuliza kwa upole, kama ulikuwa hujui kwa nini ulituambia? Sikuwa na jibu. Siku hizi natoa tarehe iliyo kwenye mkataba wao tu, nawaonyesha na kipengele cha ucheleweshaji kinasemaje, na nawaambia msitoe notisi mpaka milango imefungwa, maji yanatoka na umeme unawaka. Katikati ya hapo kila Ijumaa nawatumia picha tatu, hata kama wiki hiyo hakuna kilichofanyika nawaandikia hakuna kilichofanyika, sababu ni hii. Mteja anayepata taarifa mbaya mapema anavumilia, anayeachwa kimya anaanza kuja saiti kila siku na kugombana na mafundi.

Nyumba ikikaribia kukabidhiwa unafanya ukaguzi na mteja, mchana kweupe, msiende jioni. Beba tepu ya karatasi yenye gundi, ile ya mafundi rangi, chaja ya simu, ndoo na tochi. Chaja unaichomeka kila soketi. Ndoo unamwaga maji sakafu ya bafu uone kama yanaelekea kwenye tundu au yanasimama kwenye kona, hii kasoro ni ya kawaida sana na kurekebisha kwake ni kung'oa taili, bora ionekane leo. Gonga taili na kifundo cha kidole, ikilia kama debe tupu chini haijashika vizuri. Fungua na kufunga kila dirisha na kila mlango, vuta maji vyoo vyote kwa wakati mmoja, washa bomba la jikoni mtu akiwa anaoga juu. Kila kasoro bandika kipande cha tepu, piga picha, andika namba. Orodha ya kasoro 40 kwa nyumba mpya isikutishe, nyingi ni mkwaruzo wa rangi na bawaba. Mpelekee mjenzi orodha moja safi yenye tarehe, usimpelekee picha 70 zisizo na maelezo saa nne usiku.

Funguo zikishatoka madalali wengi wanapotea, na hapa ndo mi napatia wateja wangu wengi. Mikataba mingi ina kipindi cha mjenzi kurekebisha kasoro bila malipo, mara nyingi miezi 6 au 12 tangu kukabidhi. Wateja wanasahau. Wanaona ufa mdogo, mlango unaogoma msimu wa mvua, wanasema nitapiga simu, muda unapita. Kwa hiyo siku ya funguo, ukiwa bado umesimama pale mlangoni, weka alamu kwenye simu yako ya mwezi mmoja kabla kipindi hicho hakijaisha. Ikilia wapigie, waambie naja Jumamosi na tepu, tutengeneze orodha ya mwisho kabla muda haujafunga.